Picha za Kupimia Mwanga

Grand-Ruisseau, Maine
8 Februari 2017

Mwanangu Mireille,

Hujambo huko jangwani kwenu? Mimi mzima, ila magoti. Normand wangu naye mzima, ila anakoroma, na huo si ugonjwa, ni tabia. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni, kwa hiyo wateja wangu wa nywele wanapitia mlango wa nyuma, kwenye kuni. Juzi Priscille wa posta aliteleza akaingia saluni kwangu amekaa chini, mfuko wa rola mkononi, akaniambia, "Claudette, nimekuja kuseti nywele, sikuja kuvunjwa kiuno." Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

Najua utasema mbona shangazi hapigi simu. Masikio, mwanangu. Miaka thelathini na mbili karibu na zile draya za nywele, sasa kwenye simu nasikia nusu tu, na nusu iliyobaki naijaza mwenyewe. Priscille anasema nilikuwa hivyo hata kabla ya kuwa kiziwi. Kwa hiyo kalamu. Darasa la nane ndiyo mwisho wangu, unajua, tulitolewa kwenda kuvuna viazi na mimi sikurudi, basi uyavumilie maandishi.

Sasa jambo lenyewe. Ni la baba yako. Usiikunje barua, soma mpaka chini.

Kwenye mazishi hukufika, na mimi sisemi kitu, dhoruba ilifunga viwanja vya ndege, yamepita. Lakini hukuona tulichoweka juu ya jeneza. Mpiga picha wa bonde zima, miaka arobaini, harusi zote yeye, komunyo zote yeye, malkia wa tamasha la viazi kila mwaka yeye, na siku yake mwenyewe hatukupata picha yake hata moja. Hata moja, Mireille! Alikuwa nyuma ya kamera maisha yake yote. Ikabidi tukuze picha ya leseni ya udereva. Kaka yangu Leandre alifanana na mtu anayetafutwa kwa wizi wa gari.

Jiwe la kaburi linasimikwa Oktoba, Misa ya mwaka mmoja, na mchonga mawe anataka picha ya kubandika. Leseni siweki. Nimekataa.

Basi wiki iliyopita nimefungua kabati lake, nikakuta kopo la biskuti za Krismasi. Ndani biskuti hamna, kuna memori kadi thelathini na moja, kila moja kwenye bahasha yenye mwaka. Nikachomeka moja kwenye kamera yake. Kwenye kile kidirisha cha nyuma nani kasimama? Yeye! Mweusi na mweupe, mdogo kama ukucha. Nilipiga kelele Normand akadhani nimeungua. Lakini kwenye kompyuta hazifunguki. Mama wa duka la dawa anayesafishia watu picha akaniambia, "Hizi ni picha mbichi, Claudette, mashine yangu haizijui." Mbichi! Nikamwambia basi tuzipike.

Wewe kazi yako ni picha. Msaidie shangazi yako. Msaidie na yeye.

Nakubusu mashavu yote mawili,
Shangazi Claudette


Tucson, Arizona
27 Februari 2017

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazini tunachapa vitabu vya picha vya shule, msimu wake ndio huu, ndiyo maana nimechelewa. Hapana, si kweli. Nimechelewa kwa sababu sikujua kama nitajibu.

Mama wa duka la dawa amesema sawa. Picha mbichi ni kila kitu ambacho kamera imeona, kabla haijaamua chochote. Mpiga picha anachagua zilizo nzuri, anazisafisha, anazihamisha kwenye faili ya kawaida ambayo kila kompyuta inaifungua, na hizo ndizo anazompa mteja. Zilizobaki zinabaki mbichi.

Na hizo ulizoziona nazijua. Kabla ya kila kazi baba alikuwa anapiga picha ya kupimia mwanga. Mtu anasimama pale atakaposimama bibi harusi, baba anapima, halafu ndipo watu wanaitwa. Nilipokuwa mdogo nilisimama mimi. Nilipokua alisimama mama. Nadhani baada ya mama alitega saa ya kamera akawa anasimama mwenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kuzitaka, kwa hiyo hazikusafishwa.

Nitumie kadi. Usizifanye chochote.

Nina swali moja. Novemba ya mwaka ule aliokufa mama, mwaka 2012, nilimtumia baba kifurushi. Sikupata jibu. Ulisikia kama kilifika?

Msalimie anko Normand.

Mireille


Grand-Ruisseau
14 Machi 2017

Mireille mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeua picha.

Barua yako iliyosema nisizifanye chochote imefika leo asubuhi. Mimi nimeanza kuzifanya chochote wiki tatu zilizopita. Ilikuwa hivi. Priscille alikuwa chini ya draya, akaniambia kwa sauti ya juu mtaa mzima ukasikia, "Claudette, kila picha ina herufi zake mwishoni mwa jina. Zako zina herufi mbaya. Weka herufi nzuri, itafunguka." Mtu wa posta, anajua mambo ya anwani, nikamwamini. Kila siku baada ya kufunga saluni nakaa kwenye kompyuta ya Normand na kadi ya 2014, kwa kidole kimoja, nafuta herufi za mwisho naandika zile ambazo mashine ya duka la dawa inazijua. Picha mia nne na kumi na mbili, mwanangu. Normand ananipita na chai yake ananiambia, "Mama we, acha kabla hujabadilisha na jina langu." Nikamwambia lako ningelibadilisha zamani.

Jana nimemaliza. Nimebonyeza ya kwanza. Kompyuta ikasema faili imeharibika. Ya pili, imeharibika. Nilibonyeza zote, Mireille. Halafu nililia mpaka Normand akanipikia ploye, na wewe unajua Normand hajawahi kushika kikaango tangu tuoane, chapati zenyewe zilikuwa mbichi kuliko hizo picha, nikala hivyohivyo.

Nimemzika kaka yangu Novemba, nikamzika tena Machi kwa kidole kimoja.

Nakutumia kopo zima kwa posta. Priscille amelifunga mwenyewe na utepe mita kumi, kwa aibu. Kama kuna la kufanya lifanye. Kama hakuna, usiniambie haraka, niambie polepole.

Habari nyingine: padre mpya amekuja, anapiga gitaa. Barafu ya mtoni imeanza kulia. Saa ya kula inafika, nakomea hapa.

Shangazi yako mharibifu,
Claudette


Tucson
22 Aprili 2017

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ufute machozi. Hujaua kitu. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Umeandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, basi, chumvi yenyewe ipo ilivyokuwa. Nimerudisha majina yote mia nne na kumi na mbili kwa amri moja, na imechukua muda wa kunywa glasi ya maji. Samahani. Najua umekaa wiki tatu. Nilicheka kidogo. Sikuwa nimecheka kwa jambo la nyumbani kwa muda mrefu.

Ila kuna tatizo la kweli. Programu yangu ni ya zamani, haiijui kamera ya mwisho ya baba. Nimepata nyingine, ya bure, inayozihamisha picha mbichi kwenda aina ya faili ambayo programu yangu inaielewa, bila kupoteza kitu. Inakwenda taratibu, kadi moja siku nzima, na kompyuta yangu inapiga kelele kama mashine ya kukata majani. Nimeiacha ifanye kazi.

Wakati nangoja nimetoa zile ndogo. Ndani ya kila picha mbichi kamera inaweka picha ndogo ya kuonyesha kwenye kidirisha. Hiyo ndiyo uliyoiona. Nimeziangalia zote. Mpaka Machi 2012 picha za kupimia mwanga ni za rangi na anayesimama ni mama. Anacheka karibu zote, anamwambia kitu, nadhani anamwambia afanye haraka. Baada ya Machi 2012 hamna hata moja mpaka Novemba, na kuanzia hapo ni yeye, na zote ni nyeusi na nyeupe. Aliitega kamera imwonyeshe hivyo. Wateja walipata rangi zao, yeye aliona bila rangi.

Nimehesabu picha zake mia mbili na sita, Shangazi. Hatabasamu. Anatazama kamera kama anasubiri zamu yake ya kusema na anaogopa neno litakwama. Unajua alivyokuwa na kigugumizi chake. Na ana kofia, nadhani ya kijivu, ya dukani tu, hata ndani ya nyumba.

Nimekutumia kumi zake, na moja ya mama juu yake, nimezichapa kama zilivyo, uanze kuchagua.

Hukunijibu kuhusu kifurushi. Nilimfumia kofia ya sufu, rangi ya chungwa. Ilikuwa msimu wa kuwinda, na yeye alikuwa na tabia ya kuzunguka msituni na kamera amevaa kahawia kama kulungu, nikaogopa atapigwa risasi. Kwenye mazishi ya mama nilimwambia mbele ya watu kwamba hajawahi kututazama bila kile chombo usoni. Kofia ilikuwa ndiyo samahani yangu. Niliweka na barua ya mistari miwili. Kama aliitupa niambie tu. Nitaelewa. Nataka kujua, ndiyo hivyo.

Mireille


Grand-Ruisseau
6 Mei 2017

Mireille, Mireille!

Zimefika! Nimezipanga kumi zote juu ya meza ya saluni na leo sijaseti kichwa hata kimoja, watu wanakuja kuangalia. Saluni imegeuka nyumba ya msiba, lakini msiba wenye keki. Priscille amelia akasema, "Nilidhani Leandre ana macho madogo." Nikamwambia ulikuwa unaona lensi, mpumbavu we. Hata padre amekuja, kaacha gitaa nyumbani, Mungu ni mwema.

Mimi naipenda ile aliyosimama mbele ya ghala la viazi, mikono mfukoni. Normand anataka ile ya kanisani. Tumegombana kidogo. Kwenye jiwe itakaa moja tu, hatuwezi kumweka Leandre pande mbili kama sarafu.

Na mama yako Jeannine anacheka hivyo! Nilikuwa nimesahau jino lake lile. Zina kazi kweli hizo kompyuta zenu.

Mambo ya huku: barafu imeondoka mtoni tarehe ishirini na nane, Normand alikuwa ameotea tarehe hiyohiyo kwenye bahati nasibu ya parokia, ameshinda nusu ya nguruwe na sasa hatuna pa kuiweka. Mashamba bado ni matope. Nimempaka Priscille rangi ya nywele, ikatoka kijani, akasema ataivaa Misani kwa ukaidi, na kweli ameivaa.

Kuhusu hilo la kifurushi, ngoja nimtoe Priscille rola kwanza, maana anapiga kelele shingo inamuuma, nitakuja kuliandika.

Nimerudi, lakini posta inafungwa saa kumi na bahasha lazima iende leo. Basi nakubusu, kula vizuri, huko jangwani mnakula nini hata?

Shangazi Claudette


Tucson
30 Mei 2017

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini shingo ya Priscille imepona.

Kompyuta imemaliza kuhamisha kadi zote juzi. Nimekaa na picha hizi siku mbili kabla ya kukuandikia.

Nikuambie kitu ambacho nilikijua kwa kazi yangu lakini sikukifikiria. Ukiitega kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe, ni kidirisha tu kinachopoteza rangi. Picha mbichi yenyewe inaitunza yote. Nilipozifungua zilizohamishwa, rangi zilikuwepo.

Kofia si ya kijivu.

Ni ya chungwa, Shangazi. Ni ile. Najua ni ile kwa sababu sufu ya chungwa iliniishia karibu na utosi, nikamalizia mzunguko mmoja kwa sufu ya kijani iliyobaki kwenye kikapu cha mama. Kwenye nyeusi na nyeupe kijani na chungwa vinafanana, mstari hauonekani kabisa. Kwenye rangi unaonekana kutoka mbali. Nimekuza nikahesabu mishono. Mshono wa nne nilikosea, na kosa lipo.

Kaivaa msituni Novemba 2012, wiki mbili baada ya kuituma. Kaivaa mbele ya ghala la viazi. Kaivaa kwenye harusi ya Julai, Julai, na shati la mikono mifupi. Kanisani ameivua, kaishika kifuani kwa mikono miwili. Picha zote mia mbili na sita. Ya mwisho ni tarehe kumi na tano Oktoba, siku kumi na nne kabla hajafa, na sufu imeanza kutoka manyoya juu ya sikio la kushoto.

Wewe ulikuwa unamwona kila siku. Alikuwa anakula kwako. Unaniandikia nguruwe wa Normand na nywele za Priscille, kila kitu cha bonde lote unaniandikia. Kofia ya chungwa kwenye harusi ya Julai hujawahi kuitaja.

Kwa nini, Shangazi?

Mireille


Grand-Ruisseau
19 Agosti 2017

Mwanangu,

Barua yako ina miezi miwili na zaidi hapa kwenye mfuko wa aproni. Nimeifua mara moja kwa bahati mbaya. Maandishi hayakutoka.

Leo sina salamu za watu wengine. Sote wazima.

Kofia ilifika. Ilifika tarehe kumi na sita Novemba, Ijumaa. Leandre alikuja jikoni kwangu amekwisha kuivaa, theluji mabegani, mkononi barua yako ya mistari miwili. Nilikuwa na kichwa cha mtu kwenye beseni. Akasimama mlangoni. Unajua alivyokuwa akitaka kusema jambo kubwa, kidevu kinatangulia, maneno yanakuja baadaye. Akasema, "Clau, Clau, Claudette. Wewe ndiye mwenye kalamu. Mwa, mwandikie mtoto. Mwambie imenikaa." Nikamwambia ni hilo tu? Akafikiria. Akasema, "Mwambie aje Krismasi."

Simu hakuiweza, unajua, kwenye simu watu walikuwa wanamkatia wakidhani laini mbovu. Kuandika ndiyo kabisa. Mambo yake yote niliyaandika mimi, mpaka ankara za wateja.

Nikamwambia nitaandika. Sikuandika.

Nitakuambia kwa nini na utaona ni kitu kidogo kiasi gani. Siku ya kumzika mama yako, pale ukumbini, nilikuwa nawaeleza watu alivyokufa, nani alikuwepo, nani alichelewa, unavyonijua. Ukanigeukia na sahani mkononi ukasema, "Shangazi, hebu funga huo mdomo hata siku moja." Watu walisikia. Priscille alisikia. Nilikwenda nyumbani nikajiambia haya, kanitaka nifunge, nitafunga. Na kwa jambo hili moja, Mireille, mimi Claudette nisiyeweza kuficha hata umri wa jirani, nilifunga.

Nilitaka iwe wiki moja tu. Uonje. Halafu Krismasi ikapita hukuja, akaniuliza, "A, amejibu?" Nikasema bado. Ningesema nini? Mwaka uliofuata akaniuliza tena. Bado. Mara nne, Krismasi nne. Hakukukasirikia hata mara moja. Anasema tu, "Ana kazi nyingi," anavuta kofia masikioni, anakwenda. Na mimi kila mara naona ni kuchelewa mno kuandika, na mwaka unaofuata ni kuchelewa zaidi.

Watu walianza kuuliza mbona Leandre havui ile kofia hata kwenye joto. Mimi ndiye niliyewaambia ana upara na anaona haya. Nilieneza mwenyewe. Ilikuwa afadhali wamcheke upara kuliko waulize kofia imetoka kwa nani.

Nilipoona picha kwenye kidirisha, kofia haina rangi, nilishukuru. Nilijiambia nitampata kaka yangu kwenye jiwe na siri yangu itabaki kijivu. Ndiyo nilivyofikiri, nakuandikia kama nilivyofikiri. Kumbe hizo picha zenu mbichi zinakaa kimya na kila kitu ndani.

Nimemwambia Normand jana. Miaka thelathini na sita ya ndoa sijawahi kumwona amekasirika. Alikwenda akakaa kwenye trekta, imezimwa. Aliporudi akasema, "Claudette, si uliijua njia ya posta." Basi.

Kofia iko ndani ya hiki kifurushi. Mtu wa mazishi aliniuliza kama Leandre azikwe nayo, nikasema hapana, nikaitia kwenye pochi yangu. Sikujua kwa nini. Nadhani nilijua. Sijaifua. Inanuka moshi wa kuni na ile dawa ya viatu aliyokuwa anapaka kwenye mkanda wa kamera. Ukitaka iache hivyo.

Jibu lako hili hapa, limechelewa miaka minne na miezi tisa. Imemkaa. Alitaka uje Krismasi.

Siombi unisamehe kwenye karatasi. Kama hutaandika tena nitaelewa, na kuhusu jiwe nitamwambia mchonga aweke jina tu.

Shangazi yako,
Claudette


Tucson
24 Septemba 2017

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekuandikia barua tatu kabla ya hii nikazichana. Ya kwanza usingependa kuisoma. Ya pili usingeweza kuimaliza. Ya tatu ilikuwa na adabu sana, nikaona hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Bado nina hasira. Nikikumbuka "amejibu?" naweka chochote nilichoshika chini. Sitakudanganya kwamba imekwisha. Lakini na mimi nilikuwa na simu, Shangazi. Nilijua kigugumizi chake, nilijua hataweza kunipigia, ningepiga mimi nikamngoja amalize neno. Nilikuwa na miaka minne ya kumngoja amalize neno. Nilikaa nikisema jibu ni lake. Tulifunga mdomo sote wawili.

Kofia imefika. Digrii thelathini na nane hapa, na nimeivaa. Inanikaa na mimi. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaweka kamera yangu juu ya pipa la maji, nikatega saa, nikasimama kama alivyokuwa ananisimamisha, kidevu juu, mabega chini, usikunje uso. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Jirani yangu alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nasubiri theluji.

Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu jiwe: si ghala, wala si ile ya msituni. Mwambie mchonga atumie ninayokutumia hapa, ile ya kanisani, kofia mkononi. Anko Normand ameshinda. Nimeisafisha na kuihamisha kwenye faili ya kawaida, duka la dawa wataifungua bila shida. Ni ya rangi. Akikuambia kwenye kile kigae cha kaure cha kubandika nyeusi na nyeupe inapendeza zaidi, mkatalie. Najua kukataa unajua.

Nyingine mia mbili na tano nimezihamisha na kuzichapa pia, ziko kwenye bahasha ya kijani, zote na rangi zake. Zipange juu ya meza ya saluni. Na watakapouliza kofia ni ya nani, waambie. Mwambie Priscille kwanza, utapunguza kazi.

Ndani ya kopo la biskuti nimeacha kadi moja yenye picha moja. Ni ile niliyopiga uani. Ni mbichi, sijaigusa. Usichomeke popote, na tafadhali, Shangazi, jina lake uliache.

Misa ya mwaka mmoja ni tarehe ishirini na tisa Oktoba, na kopo linanitangulia kwa posta. Liweke kabatini kwake, pale ulipolikuta. Nakuja mwenyewe kulifungua, na nitakaa mpaka Krismasi, kama alivyosema.

Mireille